Shem alivyosherehekea ubingwa mechi bado inachezwa

Shemeji yangu, kaka wa mke wangu, alisoma Arlington kule Texas, na alipohamia kwetu Dortmund alikuja na begi moja na ugonjwa mmoja, timu ya besiboli inaitwa Texas Rangers. Sasa Ujerumani besiboli utaiona wapi? Akaanza kunisumbua tulipie ESPN America, ile chaneli iliyoanza 2002 kwa jina la NASN, kazi yake ilikuwa kuwaonyesha watu wa Ulaya michezo ya Marekani na Kanada tu, besiboli, hoki ya barafu, na ile futiboli yao ya kukumbatiana, basi nikalipia maana dada mtu alishaanza kuninunia.

Shida ni saa. Mechi ikianza saa moja jioni St. Louis kule Marekani, Dortmund ni saa nane usiku, na besiboli haina dakika 90, inaisha ikijisikia.

Oktoba 2011 Rangers wakaingia fainali na St. Louis Cardinals, anayeshinda mechi nne ndo bingwa, na Rangers walikuwa wanaongoza 3-2. Yaani mechi ya sita wakishinda, kwisha. Shem akawekeana dau la dola mia na mzee mmoja wa Ujiji anayeishi hukohuko St. Louis. Jumatano usiku akaweka alamu, akaamka, akachemsha chai ya tangawizi, kumbe wameahirisha kwa sababu wataalamu wametabiri mvua. Alhamisi akasema sikeshi tena, kazini naingia alfajiri, narekodi kwenye king'amuzi. Nikamwambia ongeza muda mwishoni. "Shem, wewe lala, haya mambo huyajui."

Ijumaa ametoka kazini simu kazima tangu asubuhi, kwenye treni kaziba masikio, hataki mtu amwambie matokeo (Dortmund! nani angemwambia matokeo ya besiboli Dortmund?). Mi nilikuwa nimelala, nimetoka shifti ya usiku, nikaamshwa na ukelele nikajua kuna msiba. Natoka sebuleni namkuta kapiga magoti mbele ya tivii. Raundi ya tisa, ya mwisho, Rangers 7, Cardinals 5, wapigaji wawili wameshatolewa, wa tatu anaitwa David Freese wa Cardinals ana straiki mbili, yaani makosa mawili ya mpigaji, bado moja tu naye atolewe na mechi iishe. Mrushaji wa Rangers, Neftalí Feliz, anajiandaa, anavuta pumzi, na mimi usingizi umekata nimeanza kunogewa... skrini ikawa bluu. Muda wa kurekodi umekwisha.

Nikamwambia washa simu uangalie. Akanitazama kama mtu aliyetukana. "Straiki moja, shem! Hiyo hata mama angeirusha! Tumechukua!"

Akawasha simu kweli, lakini siyo kuangalia, kumpigia mzee wa Ujiji. Kaweka spika nisikie. Kamsimanga yule mzee dakika nzima, Cardinals ndege gani hao, kuku wana nafuu. Kimya. Kisha mzee akasema kwa upole wa hatari, "Hongera mwanangu. Sherehekea, tena alika na watu. Nitumie akaunti."

Hapo ndo nilipaswa kushtuka lakini usingizi. Shem akanikopa euro sitini kwa hesabu ya ile dola mia inayokuja, akakimbilia bucha la Waturuki kununua nyama ya mbuzi, akaalika Watanzania, Wakenya, na Mrundi mmoja jirani yetu. Usiku ule akalala fofofo kama bingwa. Wakati analala, St. Louis wanacheza mechi ya saba.

Jumamosi nyumba imejaa, pilau linanukia hadi ngazini, shem kavaa jezi ya bluu anawaelezea watu straiki ni nini, hakuna anayeelewa ila wanaitikia kwa sababu ya nyama. Akawasha chaneli yake watu waone kombe. Kombe likaonekana kweli. Mama mmoja wa Mombasa, hajawahi kuona besiboli maishani mwake, akauliza, "Mbona wanaobeba kombe wana kofia nyekundu? Na hao wa bluu kama wewe, mbona wameinama?"

Ndo wakarudia yote. Freese alivyoupiga mpira ukapita juu ya mdakaji wa Rangers, Nelson Cruz, 7-7. Rangers wakaongoza tena 9-7, wakabakiza tena straiki moja, wakasawazishiwa tena. Raundi ya 11 Freese huyohuyo akaupiga nje kabisa, Cardinals wakashinda 10-9. Mechi ya saba, Cardinals tena, 6-2. Na huyo Freese kazaliwa Texas! Hilo ndo lilimuuma shem kuliko yote, alirudia "mtoto wa nyumbani, mtoto wa nyumbani" mpaka sauti ikakauka, akaingia chumbani na jezi yake.

Simu yake mezani ikaanza kuita, namba ya Marekani. Mke wangu akapokea. "Shikamoo baba... amelala... ndiyo, wameshiba... haya, nimwambie alete akaunti au uilete wewe?"

Yule mama wa Mombasa akavuta sinia karibu. "Kama ameshindwa, hii nyama ya bega ni ya nani?"