Pima Kopo la Zege Kwanza, Kioo Baadaye

Kijana mmoja wa mtaani kwetu, hapa Pasua, ametangaza kwamba ameachana na vyuma. Sababu yake ni kwamba tangu aanze mazoezi uani kwao, mizani ya kukanyaga haijasogea, na kwenye kioo anajiona yuleyule. Nilipomuuliza alianza kwa kunyanyua kilo ngapi na sasa ananyanyua kilo ngapi, alinijibu, "Kaka, si yale makopo?" Jibu hilo limenikera kuliko uamuzi wenyewe, kwa kuwa ndilo ninalopewa na karibu kila mtu ninayemjua Moshi anayefanya mazoezi nyumbani.

Makopo yenyewe ni mawili, ya rangi, ya lita 4, yaliyojazwa zege na kuunganishwa kwa bomba. Zege lililoshindiliwa vizuri huwa na takribani kilo 2.4 kwa kila lita, kwa hiyo kopo lililojaa hukaribia kilo 10. Lakini zege la uani, lililokorogwa kwa koleo na kokoto za kuokoteza, halina uhakika huo, na makopo mawili yaliyojazwa siku moja yanaweza kupishana kiasi cha kulichosha bega moja kabla ya jingine. Sokoni Mbuyuni hakukosekani mizani ya kupimia mahindi na maharage. Mwombe mwenye nayo kwa adabu. Atakucheka, atakupimia, nawe utaandika kilo hizo kwa rangi ubavuni mwa kopo. Bila namba hiyo, kusema "nataka kuwa na nguvu" ni dua tu. Lengo ni kusema kwamba ndani ya wiki 12 nitachuchumaa na kilo 30 mabegani mara 10, seti 3 (yaani mizunguko 3 yenye mapumziko katikati), nikishuka mpaka mapaja yalale sawa na sakafu kila mara.

Kijana wetu amedanganywa na kioo. Katika wiki za mwanzo nguvu huongezeka hasa kwa sababu mishipa ya fahamu inajifunza kuiamsha misuli kwa wingi na kwa mpangilio, ilhali misuli yenyewe bado haijanenepa kiasi cha kuonekana, kwa hiyo kioo hunyamaza wakati uleule ambapo maendeleo yanakwenda kasi. Mizani ya kukanyaga ndiyo haifai kabisa: ipande Jumatatu, baada ya ndizi nyama na mbege ya harusi ya Marangu, uone jinsi ulivyojengeka kwa siku mbili! Daktari wa jeshi la Marekani, Thomas DeLorme, ambaye mwaka 1945 alichapisha njia yake ya kurudisha nguvu za misuli kwa wagonjwa, hakupima kwa kioo. Alianzia kwenye uzito ambao mgonjwa aliweza kuuinua mara 10, kisha akaupandisha kadiri nguvu zilivyorudi.

Nakubali, kwa shingo upande, kwamba nyumbani kupandisha uzito ni kazi, kwa maana kopo haligawanyiki na hatuna visahani vidogo vya kuongezea. Hata hivyo lita moja ya maji ni kilo moja, na chupa tupu zimezagaa kila mtaro. Ongeza kwanza idadi ya mara, kutoka 8 hadi 12. Ukizifikisha katika seti zote bila kuyumba, funga chupa moja kila upande, urudi kwenye 8. Andika daftarini uzito, mara, seti na muda wa kupumzika, kwani aliyepumzika dakika 5 leo na dakika 1 juzi hajafanya kazi ileile. Daftari nalo hudanganya, lakini kwa mkono wa mwenyewe, hasa yule anayechuchumaa nusu na kuhesabu nzima.

Kuhusu uzito wa juu kabisa unaoweza kuuinua mara moja, kadiria kwa hesabu: gawanya idadi ya mara kwa 30, ongeza 1, zidisha kwa uzito. Kilo 30 zilizoinuliwa mara 10 hutoa kilo 40. Anayetaka kuuhakikisha kwa kulala chali peke yake chini ya bomba na makopo yake, walau aache geti wazi ili majirani wapate pa kupita.