Nilivyotaka kujenga kiwanja cha ndege Magongo

Kwanza niseme mapema, mimi sijawahi kupima ardhi ya mtu, sina cheti, sina hata tepu ya kupimia suruali. Lakini kwetu Magongo, Mombasa, kuna watu mpaka leo wakiniona nimeshika kamba wananyamaza wanaangaliana. Kamba yoyote, hata ya kuanikia nguo.

Ilianza na meseji. Rafiki yangu tuliyesoma naye akaniandikia ati kuna kazi ya msimu Kinangop, kule juu Nyandarua, miezi mitatu, kuhesabu ndege. Si ndege yeyote, ni huyu mmoja mdogo wa kifua cha njano na michirizi myeusi shingoni kama amevaa mkufu, na ukucha wa kidole cha nyuma mrefu ajabu, vitabuni wanamwita Macronyx sharpei, mimi nikamwita Kucha basi. Duniani kote yuko Kenya peke yake, na Kenya yenyewe ni huko juu kwenye baridi tu, na asilimia kubwa ya maisha yake ni nyasi, msituni haendi, shambani haishi, anataka nyasi fupi zenye mafundomafundo ya majani ajifichie kiota chini humo. Sasa watu wanalima viazi na kabeji, wanapanda mikaratusi, nyasi zinaisha, naye anaisha nazo. Mimi nasoma haya niko kibarazani nakula mbaazi na mahamri, nikamuonea huruma. Alafu nikasoma mshahara, nikamuonea huruma zaidi.

Nikapigiwa simu na mama mmoja wa timu, mpole kabisa, akaniuliza maswali mawili matatu, la mwisho akaniuliza, "Na kuburuta kamba ushawahi?"

Nikasema, "Sana."

Wallahi sikujua hata ni kamba gani. Kukata simu ndio naenda kusoma, kumbe ni hivi, watu wawili mnashika kamba ndefu kila mtu na ncha yake, mnatembea sambamba mkiiburuta juu ya nyasi, ndege aliyeatamia akiguswa anaruka, nanyi mnaangalia alipotokea mnatafuta kiota polepole msije mkakikanyaga, mnaweka kijiti cha alama pembeni, si karibu sana manake mnyama wa kula mayai naye ana macho. Wengine wanafunga kwenye kamba mikebe yenye kokoto ipige kelele. Nikajiambia hii si kazi ngumu, nina wiki mbili, nitafanya mazoezi.

Sasa ona mazoezi yenyewe.

Kamba nikaazima kwa mjomba, mvuvi upande wa Port Reitz. Akanipa ya nanga, mita kama 20, yanuka shombo mpaka tuktuk nililopanda dereva alinyamaza njia nzima alafu akaniongezea shilingi 50 ya kuosha kiti. Mikebe ni ya tomato, tulifunga 9. Mwenzangu ni dogo wa shangazi, ni mtu wa boda, kwa hivyo alikuja na reflekta yake. Mimi nilivaa jaketi zito nililonunua mitumba Kongowea, na mavin ya sufi kichwani, na gamubuti, manake Kinangop ni zaidi ya mita 2,400 juu ya bahari na mimi mlima wa juu kabisa niliowahi kupanda ni ngazi za gorofa ya shangazi. Nilitaka mwili uzoee. Haukuzoea. Hata jua halijatoka vizuri nilikuwa nimelowa kama niliyevuliwa na hiyo kamba.

Dogo akasema mazoezi bila kiota si mazoezi, akatoa mfukoni mayai 6 ya kuku, akayaficha kwenye nyasi hapa na pale. Nikamuuliza, "Umeyatoa wapi?" Akasema, "We fanya kazi." Nikafanya kazi. Hapo ndipo nilipokosea, ningeuliza mara ya pili.

Basi pigeni picha. Jumamosi, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, kiwanja chetu cha mpira, cha nyasi za kubahatisha, upande mmoja goli halina nyavu upande wa pili goli halina goli. Watu wawili, mmoja na reflekta, mmoja kavaa kama yuko Ulaya jasho lamtiririka, darubini shingoni, wanaburuta kamba inayopiga kelele ya harusi, wanahesabu hatua kwa sauti, wanachomeka vijiti vyenye utepe mwekundu. Nyuma yao paka saba wanafuata shombo. Juu ya paka, kunguru.

Wa kwanza kutuona ni mama wa mahamri. Huyu mama hajawahi kuacha mafuta jikoni, siku ya kura alituma watu wamshikie foleni akaenda dakika ya mwisho. Siku hiyo aliacha. Alisimama mkono kiunoni mwiko mkononi, akatuangalia tulivyochomeka kijiti cha nne, akapiga ukelele mmoja tu.

"Wamekuja kupima!"

Nyinyi mnaokaa kwingine hamuwezi kuelewa neno hilo. Sisi hapa nusu ya watu wanakaa kwenye nyumba ambazo chini yake karatasi ni za mtu mwingine, ukiona mtu na kamba na reflekta asubuhi, jioni kuna tingatinga. Hata dakika tano hazikwisha, watu walikuwa wamejaa, wengine na mito bado shavuni imeacha alama, mmoja ameshika sufuria tupu, sijui alitaka kutupikia nini.

"Mwapima nini?"

"Hatupimi," nikasema, "twahesabu."

"Mwahesabu nini?"

"Ndege."

Sasa nyumba zetu ni jirani na uwanja wa ndege wa Moi. Ndege zikipita tunanyamaza kidogo, ikishapita tunaendelea na maneno pale pale tulipoachia, hata ugomvi wa mke na mume huwa na mapumziko. Basi nilipotamka tu hilo neno, ile ya asubuhi ikatupitia juu, tumbo jeupe, magurudumu nje, viiiii, watu wote shingo juu, ikapita, watu wote shingo chini, wananiangalia mimi. Na dogo, mjinga yule, akasema, "Moja hiyo."

Nikaona bora nieleze kwa utaratibu. Na naapa kila nilichosema kilikuwa kweli, ndio inaniuma. Nikasema, "Jamani, hizi ndege ziko chache sana. Shida yao ni nyasi. Zataka mahali wazi, nyasi fupi, ndio zitue. Sasa watu wamelima, wamejenga, wamepanda miti, zimekosa pa kutua. Kwa hivo kuna wahisani wamenunua vipande vya ardhi viachwe wazi, na sisi kazi yetu ni kuangalia zinatua wapi, tuweke alama."

Kimya. Baba mmoja akanyoosha kidole taratibu kuelekea kijiti cha tatu, ambacho kweli kilikuwa karibu kidogo na ua lake.

"Ile alama iko kwa choo changu."

"Ndio mzee, lakini..."

"Ndege itatua kwa choo changu?"

Hapo wakagawanyika. Kundi moja likasema uwanja unapanuliwa, mpaka huku, hawa ni watangulizi. Kundi la pili, hasa akina mama, walikuwa wameshayaona mayai, na utepe mwekundu, na paka, na kunguru, na mimi nimevaa sufi kwenye joto natetemeka kwa woga, wakasema hakuna upimaji hapa, hawa wametumwa, kiwanja kinafungwa kwa uganga timu ya vijana isishinde kombe. Jamaa wa kundi la kwanza akamwambia mama wa kundi la pili, "Uganga gani wa reflekta?" Mama akamjibu, "Na upimaji gani wa mayai?" Nami kusema kweli hapo sikuwa na la kujibu upande wowote, walikuwa wanauliza maswali ya maana.

Mzee wa mtaa akafika. Kikoi, fulana, mswaki mdomoni. Watu wakampisha. Akatuangalia mimi na dogo kuanzia gamubuti mpaka mavin, akatoa mswaki, akatema pembeni, nikajua sasa tumekwisha, anaitwa chifu, wanaitwa polisi. Akaniinamia karibu kabisa na sikio.

"Fidia ni ngapi?"

"Ee?"

"Fidia. Kwa chumba."

Sijui nani alisikia, lakini neno hilo lilitembea kiwanjani kuliko upepo. Yule wa sufuria akaishusha. Aliyekuwa ananishika kola akaanza kuninyoosha kola. Mama mmoja akaniletea chai, wallahi, kikombe cha wageni kile cha maua. Alafu dogo, ambaye mimi nasema hana ubaya ila hana pia akili, akafungua daftari langu jipya la kazi, ukurasa wa kwanza, akapiga mistari kwa rula, akasema, "Haya, jina na idadi ya vyumba. Pangeni laini."

Walipanga laini! Watu ambao matatu hawapangi. Jirani yetu wa vyumba viwili akaandikisha vinane. Nikamwambia mzee wangu, vinane vimetoka wapi, akasema vingine viko kwenye mipango. Mpangaji akaandikisha, mwenye nyumba akatokea nyuma yake, "We umekuwa na nyumba lini? Kodi ya miezi miwili iko wapi?" Baba wa choo akataka choo kiandikwe kivyake, manake ndicho kilichowekwa alama. Kwenye daftari waliingia watu 14, na mimi nimesimama na kikombe cha maua nasema jamani, jamani, hakuna anayenisikia.

Aliyetuokoa ni Bi Mwalimu. Huyu alifundisha Kiswahili mpaka akastaafu, na nusu ya watu wa hiyo laini walipita mkononi mwake, mimi mmoja wao. Alikuja pole pole na mkongojo na leso zake mbili, akasimama mbele yangu, akasema, "Rudia ulivyosema."

"Shikamoo Mwalimu."

"Marahaba. Rudia."

"Nimesema... hizi ndege zinatua kwenye nyasi."

"Hizi ndege zinatua?"

"Ndio."

"Zinatua au wanatua?"

Nikasimama hapo na jasho langu. Nikamkumbuka yule wa njano na mkufu wake. "...Wanatua."

"Hizi au hawa?"

"Hawa."

Akawageukia watu. "Ni nyuni. Wa manyoya. Huyu mtoto darasa la sita ngeli zilimshinda, na wala hazikumshinda yeye peke yake, maana nyote hapa mmemsikia na hakuna aliyeshangaa."

Mkifikiri watu walifurahi kwamba nyumba zao hazibomolewi, hamujui watu. Walikasirika zaidi! Kikombe nilinyang'anywa na chai ndani. Baba wa choo akaling'oa lile jiti akalivunja mara mbili. Mzee wa mtaa akarudisha mswaki mdomoni akaondoka bila kuaga, na jirani wa vyumba vinane akanung'unika ati mtu na akili zake aende mpaka Kinangop akahesabu nyuni, kwani hapa kunguru hawamtoshi.

Nikadhani yameisha. Nimeanza kukunja kamba, nikasikia nyuma yangu, "Na haya mayai?"

Ni jirani wa nyuma yetu. Ameinama, ameshika yai moja, analigeuza, analinusa, analiweka sikioni. "Haya ni ya kuku wangu. Yule kishingo." Nikamtafuta dogo. Dogo hayuko. Pikipiki naisikia iko barabarani tayari. "Alikuwa amelalia siku 19," akasema yule mama, kwa upole wa kutisha, na akaliweka sikioni kwangu nisikie, na kweli ndani kulikuwa na mtu anagonga.

Nililipa kama vifaranga si kama mayai, manake alisema hesabu ya yai inaisha siku ya 18, baada ya hapo ni mtoto. Sikubishana. Na mawili yaliyopona yakaanguliwa kesho yake, kifaranga mmoja wakamwita Rubani, na jina lenyewe likanihamia mimi, naitwa hivo mpaka leo, kifaranga alishaliwa siku ya Idi.

Kinangop nilienda. Sitasema mengi, baridi ile haina maneno, asubuhi nyasi zina umande vidole hufungui daftari. Kamba yao haikuwa na mikebe wala shombo. Siku ya tatu akaruka hatua chache mbele ya kamba, chini chini, akatua kwenye fundo la nyasi akageuka, kifua kimelowa kidogo na bado njano kama kiini cha yai, na ule mkufu mweusi, na kondoo wanapita nyuma yake wala hawana habari. Kiongozi wetu akanyoosha mkono nimpe daftari aandike. Akafungua ukurasa wa kwanza. Akasoma kimya. Akasoma tena.

"Hawa ni akina nani? Na 'choo, kivyake' ni nini?"

Jioni nilimpigia mama, mtandao unakatika katika, nikapiga kelele, "Mama! Nimemuona! Ametua!" Nikamsikia anawaambia watu wa barazani, "Asema ametua," na sauti ya Bi Mwalimu kwa mbali, "Vizuri!" Alafu sauti nyingine, naijua, ni ya yule wa vyumba vinane, anamuegemea mama kwenye simu.

"Hebu muulize, ile orodha bado anayo?"