Bima si ya wazima peke yao

Watu wa bima wana malalamiko yao ya siku zote: Watanzania hawakati bima mpaka waumwe. Sibishi. Baba anaambiwa sukari imepanda, kesho yake anamtafuta wakala. Ninachobishia ni kinachofuata, pale mgonjwa anapogeuzwa mkosaji kwa sababu ametafuta matibabu akiwa mgonjwa. Alitakiwa ayatafute lini?

Mtazame mwalimu wa shule ya serikali mwenye kisukari. Hakuna anayemuuliza ameanza lini kuumwa. Mshahara wake unakatwa asilimia 3, mwajiri anaongeza 3, zinakwenda NHIF, yaani Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya, na yeye na mwenzi wake pamoja na wategemezi hadi wanne wanatibiwa. Jirani yake ni mama lishe, naye ana kisukari. Akienda kwenye kampuni binafsi kujikatia bima, anapewa ukurasa mzima wa maswali: presha, moyo, figo, saratani, umewahi kulazwa, unatumia dawa gani. Akijibu kweli, anaweza kukataliwa, au kuongezewa bei, au kuambiwa asubiri miezi kadhaa kabla kisukari hicho hakijaanza kulipiwa. Ugonjwa ni ule ule. Kilichowatenganisha ni ajira.

Wala NHIF haimpendi mwalimu kuliko mama lishe. Haimuulizi kwa sababu walimu wote wamo, wazima kwa wagonjwa, na hakuna anayeruhusiwa kujitoa. Ni hesabu ya mchango wa msiba mtaani: ukipita kukusanya kwenye nyumba yenye msiba peke yake, hata sanda haitapatikana.

Ndiyo maana habari ya Toto Afya Kadi, bima ya watoto ya NHIF, bado inanikera. Kwa shilingi 50,400 kwa mwaka mzazi alimkatia mtoto wake bima, hata kama yeye mwenyewe hakuwa nayo. Machi 2023 usajili wa mtoto mmoja mmoja ukasitishwa, wazazi wakaelekezwa kusajili watoto kupitia shuleni. Maelezo yalikuwa kwamba wengi wa waliosajiliwa walikuwa tayari wanaumwa na gharama zimeuzidi mchango. Kihesabu, mfuko ulikuwa sahihi. Lakini nchi hii huzaliwa watoto wapatao 11,000 wenye selimundu, ugonjwa wa damu wa kurithi, kila mwaka. Mtoto wa aina hiyo huanza kuumwa kabla hajajua kutembea, na wa miaka 2 hana shule ya kumsajili. Kadi ilirudi baadaye kwa utaratibu mwingine, ila kwa mzazi ambaye mtoto wake alikuwa na maumivu ya mifupa mwezi ule, baadaye ni neno refu.

Kuna wanaoshauri udanganye kwenye fomu. Mimi natumia dawa za presha na ushauri huo nimepewa na watu wanaonitakia mema kabisa. Usiufuate. Mkataba wa bima husimama juu ya ukweli wa pande zote mbili. Ukificha, kampuni itapokea ada yako bila neno. Siku umelazwa na bili imekuwa kubwa ndipo faili lako la kliniki litafunguliwa, waone umeandikiwa metformin, dawa ya kisukari, muda mrefu kabla ya kujaza fomu. Hapo unakosa malipo, na ada uliyotoa haikusaidii kitu.

Afadhali useme kweli, kisha uulize kwa ukali. Ugonjwa wangu mtaulipia kuanzia mwezi wa ngapi? Ukomo wake ni shilingi ngapi kwa mwaka? Dawa za kila mwezi zimo, au ni kulazwa tu? Majibu yawe kwenye karatasi, maana wakala huahidi mengi akiwa bado hajapata kamisheni yake. Kama mna kikundi, iwe chama cha bodaboda au VICOBA (kikundi cha kuweka na kukopa) iliyosajiliwa, ulizieni bima ya kikundi, kwa sababu huko masharti juu ya magonjwa ya zamani mara nyingi hulegea. Ukishaingia, usiache ikakatika. Kuanza upya huenda kukawa ni kusubiri upya. Na ukinyimwa fao isivyo haki, yupo Msuluhishi wa Migogoro ya Bima. Wengi hawajui kama ofisi hiyo ipo.

Hayo ni ya kujihami tu. Dawa yenyewe iko kwenye Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote iliyopitishwa na Bunge Novemba 2023, inayotaka kila mkazi awe na bima. Nasikia vijana wakinung'unika: mimi siumwi, kwa nini nichangie? Kijana huyo ndiye hasa anayetakiwa, na achangie sasa angali mzima. Asiye na uwezo alipiwe, na sheria imetaja vyanzo vya fedha hizo, kodi ya soda, pombe na vipodozi ikiwemo. Sioni ubaya soda ikimlipia mgonjwa wa kisukari.

Wasiwasi wangu uko kwenye usimamizi. Mtumishi hukatwa kabla mshahara haujamfikia. Mkulima wa Mbozi na muuza mitumba wa Karume hawana hati ya mshahara. Ikiwa kwao bima itabaki ya hiari kimyakimya, watakaojitokeza watakuwa wagonjwa, gharama zitapanda, na mtu atasimama tena mbele ya vipaza sauti kutangaza kwamba usajili umesitishwa.