Joystiki ya Jina au Bodi ya Haraka: Ukarabati Uanzie Wapi?

Seti za bei nafuu za kujitengenezea kidhibiti cha gemu za akedi hufanana kama pacha: joystiki moja, vitufe kumi hivi, furushi la nyaya zilizokwisha kubanwa vichwa, na bodi ndogo ya saketi inayochomekwa kwenye kompyuta kwa USB. Mwenye seti akiuliza abadilishe nini kwanza, hupewa jibu lile lile: ng'oa joystiki, weka JLF ya Sanwa, kampuni ya Kijapani, ng'oa vitufe, weka OBSF-30 za kampuni hiyo hiyo. Bodi haitajwi, au hutajwa mwisho kabisa, kana kwamba ni karatasi iliyofungia bidhaa.

Ushauri huo una msingi, na ni haki ueleweke kabla ya kupingwa. Joystiki ndiyo inayoshikwa. JLF ina swichi nne zilizopangwa kwenye kipande kimoja cha saketi, springi inayorudisha mti katikati bila kuyumba, na kizuizi cha mraba kinachoweza kuzungushwa nyuzi 45 kikawa cha pande nne, kwa gemu za kukimbizana ndani ya vichochoro. Joystiki ya seti huiga umbo hilo, hata koneta yake ya pini 5, lakini mara nyingi swichi zake hazilingani: moja hubofya mapema, nyingine huchelewa, na mshazari wa kulia-chini ukatoka kirahisi huku wa kushoto-chini ukigoma. Mchezaji mgeni hajui kama kosa ni la mkono wake au la swichi. Hoja hii ndiyo nzito kuliko zote upande huo. Sehemu nzuri humwondolea anayejifunza shaka na kisingizio kwa pamoja.

Hata hivyo, hicho kinachoshikwa kinapeleka wapi habari zake?

Kifaa cha USB hakijisemei. Hunyamaza mpaka kompyuta ikiulize, na kati ya swali na swali kuna muda. Bodi nyingi za seti, zikiwemo zinazouzwa kwa jina la kujisifu la Zero Delay, huulizwa kila milisekunde 8 au 10, kwa sababu zimetumia USB ya mwendo wa chini, ile ya megabiti 1.5 kwa sekunde. Bodi ya mwendo kamili, megabiti 12, inaweza kuulizwa kila milisekunde 1. Mwenye Linux hana haja ya kubahatisha: amri ya lsusb -v itamwonyesha thamani ya bInterval, yaani muda kati ya swali na swali, na kwa vifaa vya mwendo wa chini namba hiyo ni milisekunde zenyewe.

Chukua bodi inayoulizwa kila milisekunde 10. Ukibonyeza swali likiwa limepita sasa hivi, mbonyezo wako utasubiri karibu zote 10. Ukibonyeza swali likiwa mlangoni, hautasubiri kitu. Wastani ni 5. Gemu ya mapigano huenda fremu 60 (picha moja moja za skrini) kwa sekunde, yaani milisekunde 16.67 kwa kila fremu, na hapo ndipo wengi hufunga mjadala: 5 ni ndogo kuliko 16, haihisiki, tuendelee na joystiki.

Hesabu hiyo imeishia njiani. Gemu haijali milisekunde zako, inahesabu fremu. Mbonyezo ama umeingia katika fremu uliyoikusudia, ama umeangukia inayofuata, hakuna nusu. Uwezekano wa kuangukia inayofuata kwa sababu ya foleni hiyo peke yake ni wastani wa kusubiri ukigawanywa kwa urefu wa fremu. Gawanya 5 kwa 16.67 upate asilimia 30. Mibonyezo 3 katika kila 10 hufika fremu moja baadaye kuliko ambavyo ingefika bila foleni. Bodi ya milisekunde 8 hupata asilimia 24. Ya milisekunde 1 ina wastani wa nusu milisekunde, na asilimia yake ni 3.

Kinachouma zaidi ni kwamba hizo tatu hazijulikani ni zipi. Ucheleweshaji usiobadilika mkono huuzoea. Televisheni ikichelewesha picha kwa kiwango kile kile kila mara, mchezaji hujifunza kutangulia bila hata kujua. Lakini bodi inayochelewesha milisekunde 0 sasa, 9 baadaye, kisha 4, haizoeleki. Anayefanya mazoezi ya pigo lenye nafasi ya fremu moja au mbili atalipata, atalikosa, atalipata tena, halafu atailaumu joystiki. Ataibadilisha. Asilimia 30 itabaki pale pale, safari hii chini ya joystiki ya Kijapani.

Linganisha na kinachonunuliwa kwa kubadilisha vitufe. Tuseme kitufe kipya kinabofya nusu milimita mapema kuliko cha zamani. Kidole kinachoshuka kwa mwendo wa nusu mita kwa sekunde huimaliza nusu milimita hiyo kwa milisekunde 1. Milisekunde moja si bure, lakini hailingani na zile zinazopotelea kwenye bodi.

Ni kweli kwamba gemu nyingi za siku hizi husamehe: huhifadhi mbonyezo kwa fremu kadhaa na kuutumia nafasi ikifunguka. Kwa gemu za mafumbo au za kurusha vyombo kwa mwendo wa wastani, ubishi wote huu ni wa kupotezea jioni. Ila mtu wa namna hiyo hahitaji joystiki ya jina pia.

Bodi nzuri, ya mwendo kamili, wala si ghali. Raspberry Pi Pico iliyotoka mwaka 2021 huuzwa chini ya bei ya joystiki moja ya jina. Ina chipu ya RP2040 na pini 26 za kuunganishia. Kidhibiti cha kawaida kinahitaji pande 4, vitufe 8, Start, Select na Home, jumla 15, zinabaki 11. Programu ya GP2040-CE, ambayo ni ya bure, huigeuza Pico kuwa kidhibiti kinachotambuliwa na kompyuta na Nintendo Switch. Shikilia kitufe cha BOOTSEL huku ukichomeka kebo, diski iitwayo RPI-RP2 itatokea, buruta faili la programu hiyo, lile lenye mwisho wa .uf2, uliweke humo, kwisha. Diski isipotokea, shuku kebo kwanza: nyingi ni za kuchajia tu na hazina nyaya za data. Baadaye, ukichomeka huku umeshikilia Start, ukurasa wa mipangilio hufunguka kwenye kivinjari kwa anwani 192.168.7.1, na humo unaweza kuhamisha pini yoyote iwe kitufe chochote.

Nyaya za seti hazitupwi. Upande wa bodi kuna koneta ndogo ya nyaya mbili. Ikate, chuna milimita 5, waya mmoja wa kila kitufe uende kwenye pini yake na wa pili kwenye graundi, yaani hasi ya pamoja. Swichi haina chanya wala hasi, hivyo hakuna waya wa kukosea hapo. Si lazima kila kitufe kiwe na waya wake wa hasi hadi kwenye bodi: mnyororo mmoja unaoruka kutoka kitufe hadi kitufe unatosha. Mnyororo huo ukikatika, vitufe vyote vilivyo mbele ya mkatiko hufa kwa wakati mmoja, na dalili hiyo huelekeza moja kwa moja pa kutazama. Kitufe kimoja kikifa peke yake, tazama kichwa cha waya wake. Vichwa hivyo navyo vina vipimo: vitufe vya mtindo wa Kijapani huchukua vya milimita 2.8, swichi za mtindo wa Kimarekani hutaka vya 4.8. Kichwa cha 4.8 juu ya ulimi wa 2.8 hukaa siku mbili kisha huanza kukatakata.

Kosa linalowapata karibu wote lipo kwenye joystiki. Ukisukuma mti juu, ncha yake ya ndani ya sanduku huenda chini na kubofya swichi ya chini. Anayeunganisha swichi ya juu kwenye pini ya Juu atakuta mhusika wake anachuchumaa anapotakiwa kuruka. Rangi za nyaya za koneta ya pini 5 pia haziaminiki, watengenezaji hawana makubaliano. Weka multimeta kwenye mlio wa mkondo, sukuma kila upande, andika.

Tukirudi kwenye vitufe vya seti vinavyodharauliwa, shtaka lao kubwa ni kudunda: mguso wa chuma haufungi mara moja, hudundadunda kwa milisekunde chache, na bodi ikahesabu mbonyezo mmoja kuwa miwili. Shtaka ni la kweli. Dawa yake iko kwenye programu. GP2040-CE ina mpangilio wa kupuuza midundo hiyo, kwa kawaida milisekunde 5, na unaweza kuongezwa. Kitufe kinachokwama kwa kawaida kimekwaruzwa kingo zake za plastiki. Kifungue, pitisha msasa laini sana, futa vumbi. Joystiki iliyolegea inataka springi ngumu zaidi. Yenye mwendo mrefu inataka kisukumio kinene kidogo kule chini ya mti. Vipande hivyo vinavyotengenezewa JLF mara nyingi huingia hata kwenye zinazoiiga, ingawa inafaa kupima kipenyo cha mti kwanza. Kwa kifupi, sehemu hizi zinarekebishika. Bodi ya milisekunde 10 hairekebishiki kwa msasa.

Tena zinabadilika kirahisi. Kitufe cha milimita 30 hutoka kwa kubana masikio mawili, joystiki kwa skrubu nne. Kisichobadilika kirahisi ni sanduku, na hapo ndipo umakini unaofuata baada ya bodi unapaswa kwenda, si kwenye vitufe. Vitufe vya kubana hushika vizuri kwenye paneli ya milimita 2 hadi 4 hivi. Ubao wa MDF wa milimita 18 hauvifai. Ama uchimbwe kutoka chini kwa upana wa milimita 35 au zaidi kuzunguka kila tundu mpaka ubaki unene wa 3, ama vitumike vitufe vya nati, kama OBSN-30. Nati ni pana kuliko kichwa cha kitufe, kwa hiyo nafasi ya milimita 36 kutoka kitovu hadi kitovu, iliyozoeleka kwenye mpangilio wa Vewlix, mashine ya akedi ya Kijapani, inaweza kugonganisha nati mbili jirani. Unene huo pia hula urefu wa joystiki: kila milimita ya ubao ni milimita moja ya mti iliyozama, na mti mfupi huchosha kifundo cha mkono haraka kuliko springi yoyote mbaya. Akriliki ya milimita 3 au 4 hutoboka safi kwa msumeno wa kutobolea matundu ya duara ukienda polepole juu ya ubao wa kuegemea, na hupasuka ukiharakishwa. Kwa mti wa joystiki tundu la milimita 24 linatosha. Kidhibiti kizima kikiwa chepesi mno kinaweza kuteleza mezani, hata kikiwa na miguu ya mpira.

Upande wa pili una sehemu zake za ushindi. Mwenye PlayStation hatajibiwa na Pico peke yake: bila uthibitisho wa Sony, PlayStation 4 huikata baada ya dakika 8 hivi, na gemu za PlayStation 5 zinataka kifaa chenye leseni. Kwa mtu huyo bodi za kulipia kama za Brook zina maana, na hesabu ya gharama hubadilika kabisa. Anayepangia kidhibiti kipigwe kila siku na mikono mingi naye anafanya vizuri kuanza na swichi ngumu, kwa kuwa kwake kufungua sanduku kila mara ni kero kuliko fremu moja. Kuna pia joystiki za mwanga zisizo na mguso wa chuma; nyingi hutumia volti 5, na pini za Pico huvumilia 3.3 tu. Anayeziunganisha moja kwa moja bila kipunguza volti anaweza kuiua bodi aliyotoka kuisifu.

Kwa wengine wote, mpangilio ni bodi, paneli, kisha joystiki pale mshazari unapogoma hata baada ya kulinganisha swichi zake. Vitufe vibadilishwe kimoja kimoja kadiri vinavyochoka, kuanzia vya kidole cha shahada na cha kati ambavyo hupigwa zaidi. Cha Select kinaweza kubaki kile cha seti miaka yote. Ni nani anayekibonyeza?