Setthathirath aliwashinda Waburma, au aliahirisha kushindwa?

Mbele ya That Luang, mnara mtakatifu wa Wabudha uliojengwa Vientiane, mji mkuu wa Laos, mwaka 1566, imewekwa sanamu ya mfalme aliyeujenga, Setthathirath. Walao humhesabu miongoni mwa wafalme wao wakuu, na hoja wanazo. Mfalme Bayinnaung wa Burma alipoitwaa Chiang Mai, kaskazini mwa Thailand ya leo, mwaka 1558, Luang Prabang, mji mkuu wa Setthathirath wakati huo, ilibaki jirani mno na adui. Akahamishia makao Vientiane, kisha mwaka 1560 akala kiapo cha urafiki na Chakkraphat, mfalme wa Ayutthaya, mji mkuu wa Siam (Thailand ya leo). Mnara wa Si Song Rak ukajengwa Dan Sai kuwa shahidi wao.

Hata hivyo, kiapo hicho hakikumzuia Bayinnaung. Mwaka 1564 Ayutthaya ilisalimu amri, na Thepkasattri, binti wa Chakkraphat aliyekuwa akipelekwa Vientiane kuolewa na Setthathirath, akatekwa njiani. Punde Vientiane nayo ikatwaliwa, na wake wa mfalme wakachukuliwa mateka. Mwaka 1569 Setthathirath alishuka na jeshi kuiokoa Ayutthaya iliyokuwa imezingirwa tena, akapigwa katika bonde la Pa Sak. Agosti mji ukaanguka.

Wapo wanaoona kwamba alimwaga damu ya watu wake kwa ajili ya mji wa wengine. Siafikiani nao. Ayutthaya ikishamezwa, aliyefuata ni yeye, na kweli Waburma walimgeukia mara moja. Hapo ndipo alipoonyesha ustadi wake. Hakung'ang'ania kuta za Vientiane. Aliingia msituni na kuwashambulia wavamizi kwa kushtukiza, hadi njaa na maradhi vikawafukuza mwaka 1570. Alichokosa katika mapatano ya wafalme alikipata kwa kuijua nchi yake.

Lawama ninayoiona nzito ni ya kusini. Huku Bayinnaung akiwa bado na nguvu zote, Setthathirath aliongoza vita vingine upande wa Attapeu, kusini mwa Laos ya leo, na karibu mwaka 1571 akatoweka hukohuko. Mrithi aliyemwacha alikuwa mtoto mchanga. Wakuu wakagombania madaraka, jenerali Sen Soulintha akakalia kiti, na haikupita miaka mingi Bayinnaung akarudi Vientiane na kumtawaza mtu wake mwenyewe. Safari hii hapakuwa na mfalme msituni wa kumtoa.