Wamemtaja?

Kila tarehe 25 Julai bibi yangu huketi jikoni na redio yake. Tukuyu Julai ni baridi ya kung'ata, kwa hiyo moto hauzimwi. Anasubiri buruji la Siku ya Mashujaa. Likilia, ananyamaza pamoja na wale wa uwanjani, kisha ananigeukia: "Wamemtaja?"

Hawajamtaja. Kaka yake alikwenda vita vya Kagera na hakurudi. Amelala Kaboya, Muleba, pamoja na mamia ya wenzake, na bibi hajawahi kuliona kaburi. Kutoka Rungwe mpaka Muleba ni kuivuka nchi, na nauli yenyewe ni ndama.

Siku ile siibezi hata kidogo. Rais anaweka mkuki na ngao, Mkuu wa Majeshi anaweka sime, na sisi Wanyakyusa hatuhitaji kufafanuliwa mkuki unatafuta nini msibani. Zamani wanaume waliucheza kwenye vilio. Na wanajeshi wanajua kuzika. Niliwahi kuhudhuria maziko ya askari karibu na Mbalizi: bendera juu ya jeneza, wenzake wakilibeba kwa hatua za pole, kisha risasi za heshima, watoto wameziba masikio. Afande mmoja aliyekaza uso tangu asubuhi, udongo ulipoanza kuanguka, midomo ilimcheza.

Ila pale mama wa marehemu alikuwepo, hatua tatu kutoka kaburini. Hata askari wetu waliouawa Kongo Desemba 2017 waliagwa Upanga, Dar es Salaam, kisha wakasafirishwa kwenda kuzikwa kwao. Wa 1979 walibaki Kagera. Iringa wanalielewa hili kuliko wote: Mkwawa, mtawala wa Wahehe aliyepigana na Wajerumani, alikufa 1898, fuvu lake walilolichukua likarudi Kalenga 1954, na miaka yote hiyo hakuna aliyeambiwa "yameisha, sahauni".

Simwombei bibi jeneza. Naomba kila halmashauri iwe na ubao wa majina ya watoto wake waliofia vitani, na tarehe 25 Julai yasomwe pale pale, kwa sauti. Si mnara (tukianza mnara tutaishia kugombea tenda). Ubao tu, na mtu mwenye koo zuri.

Nilipomweleza bibi wazo hili alifikiri kidogo, akasukuma kuni. "Basi wasome na jina la baba," akasema. "Likisomwa la kwake tu, wenye jina hilo wako wengi."