"Kauza Kemikali Tu"

Wiki hii jamaa yangu mmoja, mtu ninayemheshimu sana, aliniambia kwamba kumfunga mtu miaka mingi kwa kuuza kemikali za kutengenezea dawa za kulevya ni uonevu. "Huyo hajauza unga," alisema. "Kauza kemikali tu." Hiyo "tu" yake imeninyima usingizi.

Bila asetiki anhidridi, morfini ya mpopi haigeuki kuwa heroini. Kokeini husafishwa kwa pamanganeti ya potasiamu. Fentanili, dawa kali inayotengenezwa kwa kemikali tupu, ndiyo kabisa: haina shamba la kufyeka wala msimu wa mavuno. Ina mapipa na ankara. Ukimwondoa anayeleta kemikali bashirifu, yaani hizi za kutengenezea dawa, hakuna kinachopikwa. Sasa huyo tumwiteje, mpita njia?

Haya, nakubali kwa shingo upande: kemikali hizi zina kazi halali. Aspirini hutengenezwa kwa hiyo hiyo asetiki anhidridi, na pamanganeti husafisha maji. Ndiyo maana Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa 1988 haumtii hatiani kila muuzaji, bali yule aliyejua mzigo unakwenda kutengeneza dawa za kulevya.

Aliyejua. Neno hilo moja limekuwa pango la kujifichia.

Niliwahi kuwa karani wa stoo katika kampuni ya kemikali. Akaja mteja tusiyemfahamu, anataka mapipa mengi kuliko wateja wetu wa miaka yote, analipa taslimu, na anaomba tubandue lebo. Nilipomuuliza ni ya kazi gani, alinitazama tu. Nikaenda kwa bosi. Hakuinua hata kichwa. "Andika ankara," akasema. "Sisi tunauza, hatuulizi."

Bosi yule hakuwa mjinga. Alijua kwamba akiuliza atapata jibu, na akishapata jibu hataweza kusimama mahakamani aseme hakujua. Kutouliza ilikuwa ndiyo biashara yake. Mtu wa namna hiyo sheria ikimwacha aende zake, inawafundisha wengine wote kuziba masikio.

Kwa hiyo napenda sheria zisizokubali kuzibwa masikio. Marekani humtia hatiani anayesambaza akijua, au akiwa na sababu ya msingi ya kuamini, na kwa kemikali za orodha ya kwanza ya sheria yake, zile muhimu katika kutengeneza dawa, kifungo hufika miaka 20. Uingereza, sheria ya 1990 inasema "akijua au akishuku", na kikomo ni miaka 14. Huo si ukatili. Kuna mama anayemzika mwanawe kwa sababu mtu fulani hakutaka kuuliza swali moja.

Najua orodha za kemikali zinazodhibitiwa hazitoshi. Kemikali mbili za fentanili ziliingizwa kwenye udhibiti wa kimataifa 2017, ikabidi 2022 ziongezwe nyingine tatu, kwa kuwa wapishi hubadili kiungo kidogo na kuendelea. Najua pia kwamba dereva wa lori hukamatwa kabla ya aliyetia saini, na hilo linaniuma.

Nilimsimulia jamaa yangu habari ya yale mapipa. Akanyamaza kidogo, kisha akaniuliza: na wewe uliyeandika ankara je? Nikamwambia karani hawezi kulinganishwa na mwenye kampuni. Akangoja. Nikamwambia ukweli uliobaki, kwamba siku ile nilishuku.